Mashua ya Mjomba kwa Skeli ya 1:20

Wasomaji wangu, leo tupumzike kidogo na hifadhidata na seva. Wapo walioniuliza mbona siku hizi nachelewa kuandika. Jawabu ni hili: kila nikitoka kazini jioni najifungia na mashua. Si mashua ya kupanda, la. Ina urefu wa sentimita 45, inajengwa kwa mbao kipande kwa kipande, na imenila miezi kumi na minne sasa. Nilikusudia kuandika juu yake ikishaisha, lakini wiki iliyopita kulitokea jambo ambalo sitaki kulisahau, kwa hivyo naandika sasa, tanga likiwa bado.

Kwa wasiojua, huu ni uraibu wa zamani na una wafuasi wengi duniani. Njia ya kawaida ni kununua sanduku. Ndani unakuta mbao zilizokatwa tayari kwa leza, nyuzi za unene tofauti tofauti, misumari midogo kama siafu, na la muhimu kuliko yote, michoro. Meli zinazopendwa ni zile zile: Victory ya Admirali Nelson, Cutty Sark iliyokuwa ikibeba chai kutoka Uchina, Bluenose ya Kanada. Nami nilianza hivyo, kwa sanduku la chombo kidogo cha wavuvi wa Ulaya, na sina neno baya la kulisema. Lilinifunza kupinda mbao, kusubiri gundi ikauke, na kutotukana. Lakini nilipokiweka kile chombo rafuni nikakitazama, nikaona ni kama nimeandika programu kwa kunakili kitabu cha mazoezi. Inafanya kazi, ila si yangu. Mimi upande wa mama ni mtu wa Lamu. Nilitaka mashua ya kwetu.

Sanduku la mashua ya Lamu sikulipata. Na ukifikiri, sababu ni ya kiufundi tu: sanduku huanzia kwenye mchoro, na mashua zetu hazichorwi. Nenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, uwaombe wakuonyeshe mchoro wa chombo wanachojenga. Watakuonyesha chombo chenyewe. Fundi hulaza mkuku, akasimamisha hanamu kwa mbele na fashini kwa nyuma, na kutoka hapo ni jicho, uzi, timazi na upapi. Jadi ya Bahari ya Hindi ni mbao za ubavu kutangulia, halafu mataruma yanachongwa kufuata umbo ambalo mbao zimeshatoa. Masanduku ya modeli hufanya kinyume kabisa, mifupa kwanza na ngozi baadaye. Na taruma lenyewe halikatwi kutoka ubao ulionyooka. Hutafutwa tawi ambalo Mungu alishalipinda, ili nyuzi za mti zifuate mpindo na taruma lisipasuke.

Sisi wa programu tunaijua hali hii. Ni mfumo unaofanya kazi vizuri miaka na miaka, hauna nyaraka hata ukurasa mmoja, na mambo yote yako kichwani mwa mzee mmoja ambaye bahati nzuri bado anakuja ofisini.

Kama unadhani natia chumvi, uliza habari za mtepe. Hicho ndicho kilikuwa chombo mashuhuri cha pwani yetu ya kaskazini, mbao zake zikishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake la mraba likiwa mkeka. Karne ya 20 haikufika mbali kabla mtepe haujatoweka baharini. Leo ukitaka kujua ulikuwaje, unategemea picha kuukuu, maandishi ya watu kama James Hornell, aliyechapisha makala kuhusu mtepe na dau za Lamu mwaka 1941, na modeli ndogo kama zile zilizo katika jumba la makumbusho la Lamu. Mwaka 2003 huko Zanzibar ilijengwa nakala ya ukubwa kamili, ikawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Kwa hiyo usidharau modeli. Kuna wakati ndiyo hifadhi ya pekee iliyobaki, na aliyeijenga pengine alikuwa akijifurahisha tu.

Sasa nije kwa mjomba wangu, ndugu wa mama. Alikuwa nahodha wa mashua yake mwenyewe, ya mita 9, iliyojengwa Matondoni kabla mimi sijazaliwa na fundi ambaye sasa ni marehemu. Ilibeba mchanga, mawe, makuti, abiria, na mara moja harusi nzima pamoja na ngoma zake. Miaka ya mwisho ilikaa tu kwenye tope. Watoto wake wamenunua boti ya faiba yenye injini, na siwalaumu, abiria hawangoji upepo. Mwaka 2021 akaniambia kwa simu kwamba amepata mnunuzi. Si wa mashua. Wa mbao. Kuna soko zuri la mbao za vyombo vikuukuu, hutengenezwa meza na fremu za vioo, na mbao iliyokula chumvi miaka arubaini ina rangi ambayo vanishi haiwezi kuiga. Nikamuomba asubiri hadi Desemba, nije niipime kwanza. Akanyamaza, akauliza: “Uipime ya nini, nawe huinunui?” Nikamwambia nataka kuijenga upya, ndogo. Akacheka sana, lakini akasubiri.

Nilikaa Lamu siku sita. Tuliisimamisha mashua sawasawa kwa magogo, tukitumia mpira wa maji kama wajenzi wa nyumba, kisha nikavuta uzi katikati kutoka omo hadi tezi. Kila nusu mita nikashusha timazi, nikapima upana wa bodi kwa vimo saba kutoka mkuku hadi ukingoni. Vituo 17, vimo 7. Hapo nilikuwa nimepanga kupima upande mmoja tu, ambao ndio utaratibu wa kawaida, kwa sababu kila chombo kina pande mbili zinazolingana na kompyuta inaweza kugeuza namba kama kioo. Mjomba alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema bila kunyanyuka:

“Pima kote kote, mwanangu. Hizi mbavu si mapacha.”

Nikapima kote. Namba 238, pamoja na jua la saa saba kichwani.

Nirudi Nairobi sasa, maana hapa ndipo mtu wa kompyuta anaposisimka. Nilikuwa na namba 238 katika faili la maandishi, na nilitaka kutoka kwenye vidoto hivyo nipate mpindo laini wa mbao. Kwa kazi hiyo tuna hesabu inayoitwa splaini. Unaipa nukta, inapitisha mstari usio na pembe. Nimeitumia miaka mingi kwenye grafu bila kujiuliza jina lake limetoka wapi. Kumbe limetoka kwa wajenzi wa meli! Splaini ilikuwa ni upapi mwembamba wa mti, ambao wachoraji wa meli waliulaza juu ya karatasi na kuushikilia kwa vipande vizito vya risasi, kisha wakafuata mpindo wake kwa kalamu. Mti ukishikiliwa sehemu chache hujipinda kwa namna inayoutesa kidogo iwezekanavyo, na mpindo huo ndio hesabu iliiga. Isaac Schoenberg alilichukua neno hilo na kuliingiza katika hisabati mwaka 1946. Baadaye wakaja watu wa magari Ufaransa, de Casteljau kule Citroën na Bézier kule Renault, na mipindo ya jamaa hawa ndiyo iliyochora karibu kila herufi unayosoma kwenye skrini yako hivi sasa. Yaani ule upapi ambao fundi wa Matondoni anaupinda ubavuni mwa chombo, akafumba jicho moja na kuukodolea, na splaini niliyoiita kwa mstari mmoja wa Python, ni ndugu. Niliposoma hayo nilikaa kitako nikanywa chai yote ikiwa baridi.

Programu yangu ni fupi, mistari mia mbili hivi. Inasoma namba, inapitisha mipindo, inagawa kwa 20 na kutoa kurasa za kuchapisha. Lakini kulikuwa na swali la kuamua. Utepe wa kupimia unapepea, mkono unatetemeka, na nakadiria kila kipimo changu kinaweza kukosea kwa milimita 5 huku au huku. Splaini unaweza kuiambia isipite juu ya kila nukta kwa ukaidi, bali ipite karibu, ilainishe. Swali ni ilainishe kiasi gani. Nilipochora pande mbili pamoja, ubavu wa kulia katikati ya chombo ulikuwa mnene kuliko wa kushoto kwa sentimita 4. Sio kituo kimoja, ni vituo sita mfululizo, vikiongezeka taratibu na kupungua taratibu. Mtetemeko wa mkono haufanyi hivyo.

Mwenzangu kazini alipoona skrini akasema: “Hiyo ni kasoro. Chukua wastani wa pande mbili, ugeuze kama kioo, mambo yaishe.” Na kusema kweli modeli nyingi zinazoshinda tuzo zingefanywa hivyo. Inapendeza zaidi. Nilimpigia mjomba kumuuliza. Akaeleza kwa utulivu kama anayesimulia habari za jirani: mbao za kulia zilitoka mti mwingine, mwembe mkaidi uliokataa kupinda pale fundi alipotaka, na fundi akaona heri aufuate kuliko auvunje. “Ndiyo maana ikilalia kushoto ikiwa tupu,” akasema. “Nalikuwa naitia gunia la mchanga kulia. Kila mtu aiyua hiyo.” (Mjomba husema kuyua, na macho kwake ni mato. Mimi niliyekulia Nairobi najibana nisicheke, naye hujibana vivyo hivyo nikisema Kiswahili changu.)

Kila mtu aliyejua, basi, ni yeye na mabaharia wawili watatu. Nikaamua: milimita 5 nitazilainisha, sentimita 4 zitabaki. Kwa skeli yangu hizo ni milimita 2. Mgeni hataziona.

Ujenzi wenyewe nausema kwa haraka. Mbao za mwembe hazifai kwa modeli, nyuzi zake ni nene, na ukizikata nyembamba utadhani umejenga chombo kwa mafagio. Nilitumia podo iliyotoka kwenye droo za kabati kuukuu. Podo ina nyuzi nyembamba zilizonyooka na karibu haionyeshi pete za miaka, kwa hivyo ubao mdogo unadanganya jicho kwamba ni mkubwa. Mbao za mashua zilikuwa na unene wa sentimita 3, zangu ni milimita moja na nusu. Nazilowesha maji moto, nazipinda juu ya pasi, nazibana kwa vibanio vya nguo hadi asubuhi. Vibanio vyetu vyote vimehamia kwangu na nguo za nyumbani zinaanikwa kwa imani tu :-) Nilifuata njia ya Matondoni, mbao kwanza na mataruma baadaye, nikiziegemeza kwenye vipande vya kadibodi ngumu vilivyokatwa kwa zile kurasa. Mataruma nimeyatoa kwenye vitawi vya ua wa jirani, vilivyojipinda vyenyewe. Kumpata huyu jirani akubali kukatiwa ua ni hadithi nyingine.

Lipo jambo la skeli ambalo napenda mlifahamu, kwa sababu watu hudhani kupunguza ni kugawa tu. Ukigawa urefu kwa 20, eneo linagawanyika kwa 400, na uzito kwa 8,000. Hapo tayari ulimwengu umeshapinda. Nguvu ya upepo hufuata eneo la tanga, mara urefu wa mlingoti. Nguvu inayoiinua mashua isilale hufuata uzito, mara upana. Zidisha mwenyewe utaona: katika upepo ule ule, modeli yangu ni dhaifu mara 20 kuliko mashua ya kweli. Upepo wa noti 15 ambao mjomba aliupenda utaipindua kabla sijaachia mkono. Ili ijihisi baharini, upepo nao ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani 4.5 hivi, ubaki wa noti 3 na kitu. Hesabu ya namna hii ndiyo aliyoitumia Mwingereza William Froude, ambaye alijenga hodhi refu pale Torquay, likaanza kazi mwaka 1872, akawa anakokota modeli za nta majini ili ajue meli kubwa itahitaji nguvu kiasi gani kabla haijajengwa. Wanamaji wa Uingereza walimlipa kwa hilo. Kwa hivyo mtu akikuona unaogesha mashua kwenye beseni, mwambie unafanya utafiti.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho skeli haikiharibu. Chombo kikitulia majini bila upepo, namna kinavyokaa inategemea umbo lake na mahali uzito ulipo, basi. Kama mashua ya mita 9 inainama kiasi fulani, nakala yake kamili ya sentimita 45 inapaswa kuinama kiasi kile kile.

Na hilo ndilo lililotokea wiki iliyopita. Bodi ilikuwa imekamilika, imesuguliwa kwa msasa, imepakwa mafuta isivuje. Mjomba anakadiria mashua tupu ilikuwa na uzito wa tani nne. Gawa kwa 8,000, ni gramu 500. Bodi yangu ilikuwa na gramu 310, kwa hiyo nikaongeza gramu 190 za risasi za wavuvi, nikizipanga kwa mstari katikati kabisa, juu ya mkuku, nikipima kwa rula mara mbili. Nikajaza maji beseni kubwa la kufulia. Nikaiweka. Nikaiachia.

Ikalalia kushoto.

Si sana. Ukingo wa kushoto ulikuwa chini ya ule wa kulia kwa milimita 2 na nusu hivi, kama digrii moja. Niliigeuza beseni nzima nikidhani sakafu ya bafu haiko sawa. Ikalalia kushoto vile vile. Nikampigia mjomba, simu nikaiweka kwenye kiti ili anione na aione, nikamuuliza lile gunia la mchanga lilikuwa kubwa kiasi gani na alikuwa akiliweka wapi. “La kilo hamsini. Ubavuni kulia, nyuma ya mlingoti kidogo, liguse taruma.” Kilo 50 kwa 8,000 ni gramu 6 na robo. Nilikuwa na chubwi ya gramu 6. Nikaishusha kwa kibano mahali aliposema, na mashua ikanyanyuka ikasimama wima, polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mjomba hakusema kitu kwa muda. Nikadhani mtandao umekatika, maana picha yake haikusogea. Halafu akauliza:

“Mlingoti utautia wapi?”

Nikamwonyesha. Akasema niurudishe nyuma kidole kimoja, kidole cha mashua si kidole changu. Nikakokotoa: ni karibu milimita moja. Nimeurudisha.

Mashua yenyewe haipo tena. Iliuzwa mwanzoni mwa mwaka 2022, ikapasuliwa pale pale kwenye tope kwa siku mbili, na mjomba hakwenda kutazama. Alibakiza kitu kimoja tu, yale mato mawili ya duara yaliyokuwa omoni, yako ukutani kwake. Nimeshachonga yangu, upana wa shilingi. Anataka yapakwe rangi aliyotumia yeye, sio niliyoiona mimi ikiwa imepauka, na ameahidi kunitumia kopo lenyewe kama halijakauka.

Kilichobaki ni foromali, kamba na tanga. Tanga linanisumbua. La kweli lilikuwa la marekani nzito, kitambaa ambacho jina lake ni la biashara ya karne ya 19, kilipokuwa kikiletwa Zanzibar kwa meli za Salem, Massachusetts. Kwa skeli ya 1:20 nahitaji kitu chembamba kuliko karatasi lakini kinachokunja kama turubai. Nimejaribu leso, hariri, na shashi ya hospitali. Shashi ina matundu, hariri inang'aa. Leso ya mama, iliyofuliwa miaka thelathini, ndiyo inayokaribia, na majadiliano naye yanaendelea. Faili la namba 238 liko katika maandishi ya kawaida yanayofunguka kwa programu yoyote, na nimelichapisha pia kwenye karatasi. Anayelitaka aseme, nitamtumia, na lile gunia la mchanga nimeliandika humo kama mstari wa 239.